Daftari la Vipimo

Mlango wangu hauna kibao.
Anayetafuta kibao aende kwa Apolot, jirani,
anauza mkaa, na mkaa hujitangaza wenyewe
hadi kwenye pua.

Mimi nashona sidiria
za wanawake waliokatwa titi.
Upande uliobaki, kitambaa tu.
Upande wa pili, mfuko wa punje za ulezi,
gramu mia tatu na kitu,
ili bega lisipande
kama mzani wa muuza samaki.

Nyumba hizi za Walukuba zilijengwa kwa wafanyakazi wa viwanda,
ukuta mmoja familia mbili.
Apolot akipiga chafya, mimi nasema afya.
Cherehani yangu wanaihesabu mpaka bombani:
jana alishona hadi saa sita, ana oda,
twende tukamkope.

Nina laini mbili.
Moja ya mama kule Kaliro, ya shule, ya misiba.
Nyingine huzimwa jua likizama
na hulala ndani ya kopo la vifungo.

Picha nilipiga mara moja, sidiria mpya juu ya meza,
nikawatumia wateja watatu.
Mmoja akajibu: Kumbe mwanao anasoma kwa masista?
Nikaitazama upya.
Pembeni, kwenye msumari, sweta ya kijani.
Sasa nyuma ya kila picha natundika shuka jeupe
lenye mikunjo, lisilojua lolote.

Na pesa za simu! Mtu akituma,
simu inamsomea jina langu lote, la ukoo na la ubatizo,
kabla sijamwambia karibu.
Naigaga? Wa Kaliro? Shangazi yako namjua!
Tangu siku hiyo nataka noti,
kituo cha mafuta, mkononi mwa Oketcho wa bodaboda,
ambaye anaamini anabeba mito ya vichanga.
Sijamsahihisha.

Daftarini hakuna jina la mtu.
Kuna Mvua ya Jumanne.
Kuna Aliyecheka, kushoto, thelathini na nane.
Kuna Viatu Vyekundu, kulia,
aliyeniomba nigeukie dirishani
wakati anafungua vifungo,
nami nikageuka, nikahesabu magunia ya Apolot
mpaka aliposema tayari.

Jumapili alikuja mwanamume, shati limepigwa pasi.
Apolot alikuwa amemwonyesha mlango kwa kidevu.
Akasimama kizingitini, akauliza:
Mke wangu huja hapa?
Nikamwambia, hapa tunashona mito.
Akautazama utepe wa kupimia shingoni mwangu.
Sikuja kugombana, akasema.
Miaka kumi na minne kitanda kimoja,
na sasa anazima taa ndipo avue.
Akataja viatu. Hakutaja rangi.
Sikumsaidia.

Basi niuzie mto, akasema.

Sikuwa na mto hata mmoja.
Nikakaa, nikakata kitambaa mbele yake,
nikamimina ulezi, gramu mia tatu na kitu,
nikashona mdomo.
Aliupokea kwa kiganja,
akaupima, akaukunjia vidole,
akakaa nao hivyo
hadi chai niliyompa ikaota utando.

Mfukoni hakuwa na noti. Akaniomba namba.
Nilisita, kisha nikampa ile ya kopo la vifungo.
Simu yake ikamsomea jina langu lote.
Yangu ikalia, ikanisomea lake,
na lilikuwa jina ambalo mke wake
alilitamka mara moja tu, akiwa amenipa mgongo.
Tukatazamana
kama watu waliokutana mlangoni pa bafu.

Alipoondoka niliandika: Mto, mmoja, elfu kumi.
Ujumbe nikaufuta.
Yeye sijui kama aliufuta wake.